Miguu Lazima Iwe Michafu

Sauti ya maji yakianguka ndani ya basini tupu ya aluminiamu hunifanya mpaka leo nikunje vidole vya miguu. Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jirani, nikamsikia binti yake akianza kuosha vyombo, nikasimama katikati ya njia na bido, dumu la maji, mkononi, vidole vimejikunja juu ya kambambili zangu za plastiki kama vya mtu anayeogopa kukanyaga kitu asichokiona. Tabia hiyo si yangu. Niliichukua kwa mtoto mwingine. Nimeufuta mwanzo wa ukurasa huu mara nne, nikitafuta namna ya kulieleza jambo hili isiyonionyesha mbaya sana. Namna hiyo haipo, basi nisikilizeni hivi hivi.

Tulikaa Mudzi Pela, hapa Bunia, katika parseli yenye nyumba moja mbele na nyuma yake chumba cha udongo cha kuwekea makaa na magunia ya mahindi. Mama alikuwa mwalimu wa ekodimu, shule ya Jumapili ya watoto wadogo kanisani kwetu, na aliamini kwamba kanisani mtoto anakwenda kuonyesha tu alicholishwa nyumbani. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya chakula, wakati harufu ya sombe na mawese ilikwisha kutuzunguka na matumbo yameanza kuongea, wadogo zangu wawili walikalishwa juu ya mkeka. Junior alikuwa na miaka minne. Plamedi alikuwa hajafikisha mitatu, na Yesu bado alimwita "Yeju".

"Mikono ni ya nini?" Mama aliuliza.

"Ya kutumikia!"

"Kutumikia nani?"

"Mwenzangu!"

Kisha yalikuja maneno machache juu ya Bwana aliyejifunga taulo akaosha miguu ya wanafunzi wake, na baada ya maneno, kitendo. Mama alikuwa na msemo wake: "Masikio ya mutoto iko mu mikono." Alichotaka kiwaingie kichwani, aliwapa wakishike.

Mwaka ule Mama alianza kuuza vitenge sokoni na akawa anarudi jua linazama. Somo akaniachia mimi, mzaliwa wa kwanza, miaka kumi. Sijui kama mtu mzima anaweza kuelewa nilivyoipokea kazi ile. Niliandika maswali yote ndani ya daftari la miraba, na herufi moja ikiharibika nilichana ukurasa na kuanza upya. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Usiku nilihesabu makosa yangu ya mchana badala ya kulala. Na Mama hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vizuri alinyamaza, ukikosea alisema. Nilikuwa ninaishi nikisubiri siku moja aniambie, "Umefanya muzuri."

Shida ilikuwa miguu. Watoto walipoosha yangu, walicheka, walirushiana maji, na Plamedi aliketi ndani ya basini. Mama alitukuta hivyo jioni moja akasema, "Kuosha miguu ya dada yenu ni muchezo. Mutafute mwenye iko na lazima."

Mwenye shida haikutubidi kumtafuta mbali. Ilikuwa majira yale watu waliposhuka kutoka upande wa Djugu wakikimbia vita, na magodoro kichwani, siku hadi siku, mpaka ukizoea kuwaona hukuwaona tena. Mama alichukua wawili, na kwa hilo namsifu mpaka leo: mama mmoja na binti yake. Makaa yakahamishwa, chumba cha nyuma kikafagiliwa, wakapewa mkeka, sufuria na blanketi. Binti aliitwa Espérance, sisi tukamwita Espe. Tulikuwa umri mmoja, lakini mimi nilimzidi kimo, basi aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Baba yake hakuja nao. Hatukuuliza.

Jioni ya kwanza nilimkalisha Espe juu ya kiti kidogo cha mti mbele ya watoto. Alikuwa ametembea siku tatu. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini na kisigino kimoja kimepasuka. Junior alishika basini, Plamedi akamwaga maji kwa birika la plastiki alilokumbatia kama mtoto mchanga, nayo maji yalipogusa vidole vya Espe vilijikunja, halafu akacheka kwa sababu Plamedi alikuwa anamtekenya. Mama alisimama mlangoni akafuta macho na pembe ya kitenge. Nilimwona. Laiti tungeishia hapo.

Nilifanya somo lile kila siku. Nikaliandikia kanuni ndani ya daftari. Espe asicheke. Espe aangalie chini. Asimsaidie Plamedi kuinua birika, hata likimlemea. Mwishoni aseme, "Aksanti, Yesu akubariki," kwa sauti ya kusikika. Watoto wakikosea, tunaanza tena, na Espe hali mpaka somo liishe. Sufuria ya sombe ilikuwa hapo hapo, hatua mbili, na nilimwona akimeza mate. Siku moja tulirudia mara saba kwa sababu Junior aliruka neno "mwenzangu". Mara ya saba Espe aligeukia sufuria. Nilimwambia atulie, anawachanganya watoto.

Wiki ya tatu, au ya nne, alikuja na miguu safi. Alikuwa ameisugua mwenyewe kwa jiwe nyuma ya nyumba, mpaka kisigino kinang'aa. Akaketi, akaiweka sambamba, akanitazama kwa matumaini ambayo siku hizi nayaelewa vizuri mno.

"Yaya, leo nimeisha kuosha."

"Sasa tutaosha nini?"

"Basi miye nimwange maji, Plamedi akae hapa. Mara moya tu."

"Weye uko mugeni. Mugeni anaoshewa."

"Nitakuwa mugeni mpaka siku gani?"

Nilifunga daftari. Nilinyoosha kidole kuelekea mfereji wa nyuma, ule uliopokea maji ya vyombo na ya kuogea.

"Rudia inje. Kanyaga matope kwanza."

Alinitazama kidogo, akaenda. Nilimhesabia hatua kutoka mlangoni: kumi za kwenda, kumi za kurudi, asije akanidanganya. Junior alikuja kusimama pembeni yangu, mikono kiunoni kama mimi, akapiga kelele, "Kanyaga muzuri!" Nikacheka. Tangu siku ile Espe alipita mfereji mwenyewe bila kutumwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama yake Espe hakungoja hata siku hiyo ya tatu. Alfajiri alikuwa kwenye chemchemi, akirudi na bido mbili, moja mgongoni na nyingine mkononi, kabla sisi hatujaamka. Alilima nyuma ya nyumba yetu, akasonga bugali yetu, akafua vitenge vya Mama. Jioni saa ya somo alikuwa bado shambani kwa watu. Hakuwahi kuliona. Na Espe hakumsimulia. Hilo nalijua kwa sababu ya yale yaliyotokea baadaye. Lakini nataka muone jambo moja ambalo mimi, mwenye daftari, sikuliona: maji tuliyomuoshea yule mtoto kwa upendo wa Mungu, mama yake ndiye aliyeyabeba.

Ikakaribia Jumapili ya watoto. Kila mwalimu wa ekodimu angeleta somo mbele ya kanisa lote, na Mama akachagua la kwetu. Sikulala siku nne. Jumamosi Mama alimpa Espe gauni langu la zamani, la buluu, lenye mkanda, na Espe akalivaa jioni nzima akitembea taratibu lisije likakunjamana. Jumapili asubuhi nikamwambia alivue. Nikamvalisha lile alilokuja nalo kutoka Djugu, lililochanika kwapani. Nilimweleza kwa upole kabisa kwamba watu wa nyuma wasipoona umaskini hawataelewa somo. Tukapitia mferejini.

Kanisa lilijaa. Mama Espe alikaa nyuma kabisa na bamama wengine waliotoka Djugu. Espe aliketi juu ya kiti kile cha mti mbele ya madhabahu, macho chini. Junior alijibu maswali yote bila kuruka neno, na mimi nilikuwa nayatamka pamoja naye bila sauti. Plamedi akaja na birika. Lilikuwa limejaa kuliko siku zote, mtu mwingine alilijaza, na hatua ya mwisho mikono yake midogo ikashindwa. Birika likaanza kuanguka. Espe akanyoosha mkono akalishika chini.

Junior akamchapa mguu. Mlio ulisikika mpaka mwisho wa kanisa.

"Tulia weye! Maskini hasaidiaka!"

Lilikuwa neno langu, kwa sauti yangu, na mikono yangu kiunoni pake.

Watu wakacheka. Walicheka vizuri, kwa furaha, kama mnavyocheka mtoto akiigiza mtu mzima. "Ako katoto kako mukali!" alisema mama mmoja. "Huyo atakuwa pasta," akajibu mwingine, wakacheka tena. Espe akarudisha mkono mapajani. Vidole vya miguu vikajikunja. Na kwa sababu alifundishwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Aksanti, Yesu akubariki," na kanisa zima likapiga makofi.

Ndani ya makofi hayo Mama aliinama sikioni kwangu, mkono wake wa moto begani, akasema, "Umefanya muzuri."

Nilikuwa na furaha. Sina budi kuliandika hilo. Sijawahi tena kuwa na furaha kama ile.

Mama Espe alikuja kutoka nyuma bila haraka. Alipiga magoti, akampangusa binti yake miguu kwa kitenge alichokuwa amejifunga, kidole kimoja kimoja, akafika kwenye kisigino kilichopasuka. Alikifunika kwa kiganja. Kisha akamgeukia Mama.

"Aksanti kwa yote, mama. Lakini mutoto yangu iko na mikono."

Akamweka mgongoni, mtoto wa miaka kumi, wakatoka. Jioni chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa, sufuria imepinduliwa juu ya mkeka, na juu ya sufuria gauni la buluu limekunjwa. Walikwenda kwenye saiti ya waliokimbia vita, chini ya bashi, turubai la plastiki, na mvua ilikuwa imeanza.

Mama aliumia. Alisema, "Watu hawana shukurani." Mimi nikatafuta somo la wale kumi waliopona na mmoja tu akarudi kushukuru, nikalinakili ndani ya daftari kwa mwandiko mzuri.

Miezi michache baadaye kanisa lilipeleka maharage kwenye ile saiti, na Mama alinichukua nisaidie kupima kwa kopo. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipoinua macho, Espe alikuwa mbele yangu na mfuko wake. Alikuwa amekonda. Niliinua kopo. Yeye hakufungua mfuko. Aliketi chini, matopeni, akavua kambambili, akaziweka pembeni sambamba, akaninyooshea miguu yote miwili, akaangalia chini.

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. "We Espe, uko na kichaa?" Hakusogea. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananidhihaki au aliamini kwamba hiyo ndiyo njia ya chakula chetu. Ninajua tu mimi nilichofikiri, na ndicho kinachonikunja vidole barabarani. Nilifikiri: bado anakumbuka, nilimfundisha vizuri.

Sikumwona tena. Saiti ile ilihamishwa, na niliowauliza hawakulijua jina.

Sasa nina miaka kumi na tisa, Mama amechoka magoti, na mkeka ni wangu. Mwezi uliopita nilianza somo la miguu na mtoto wa dada yangu wa ukoo, binti wa miaka mitatu. Alijibu kwamba mikono ni ya kutumikia. Nilimwambia kwamba tunaosha miguu ya maskini, akaleta birika. Akatazama nyuma yangu, uani, akauliza, "Yaya, maskini iko wapi?"

Nilikaa mimi juu ya kiti cha mti. Nilivua kambambili, nikaangalia chini, akamwaga.

Maji yalikuwa baridi, ya kuuma mpaka mfupani, kama maji ya chemchemi yalivyo hapa kwetu jioni. Kwa miezi yote ile ya Espe nilikuwa nimepima kila kitu: maneno, hatua, matope. Sikuwahi kutia hata kidole ndani ya basini.