Kadi Kubwa Ilipogoma Kuamka

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tano, nikabeba barafu pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, mpaka mabega yakaota sugu, nikauza dagaa, nikanunua kamera ya mtumba kabla sijajua hata kuiwasha. Leo nina studio ya video Ujiji, yenye kiyoyozi, na harusi ya mtu wa maana haipangwi huku bila kuniuliza kwanza kama nina nafasi. Wenye vyeti wananiita mkurugenzi wakiwa na shida. Nikigeuza mgongo, wananiita yule wa dagaa. Hilo nalo halinishangazi.

Kwa hiyo laptopu ilipoanza kuzembea, nilijiambia hii naimaliza kabla ya chai.

Ni mashine ya maana. Ina kadi mbili za picha: ndogo, ya kazi nyepesi, isiyokula umeme; na kubwa, ya kazi nzito kama zangu, inayolala mpaka iamshwe. Humo niliweka mfumo wa Linux mwenyewe, maana nilichoka na mifumo ya wizi inayokudai leseni katikati ya kazi ya mteja. Linux ni ya bure, iko wazi, na haimuulizi mtu alisoma wapi. Amri zake ni za Kiingereza nisichokijua. Nilizikariri kama tunavyokariri nyimbo za Kilingala, na zikanitii.

Kazi yenyewe ilikuwa harusi ya binti wa rafiki yangu. Tulianza dagaa pamoja, na leo ana mitumbwi yake ya injini. Huku kwetu harusi zinafungwa wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wako nchi kavu, wana hela na wamelala vya kutosha, basi wanaoana. Kiza kikirudi, wote wanarudi ziwani. Rafiki yangu alitaka video kabla ya kiza, na sababu ilikuwa moja tu: mama yake.

Bibi huyo alikuwa kijijini Simbo, kitandani, miguu imevimba. Ndiye aliyemlea bi harusi tangu ananyonya, na harusi hakuiona. Nilikwenda kumsalimia asubuhi baada ya sherehe.

“Mwakeye, mama.”

Akanishika mkono, akanivuta karibu. “Usiniletee watu wanakula pilau. Watu wanaokula nimewaona maisha yangu yote. Niletee mtoto wangu anavyoingia.”

“Utamwona, mama. Mpaka kope zake utazihesabu.”

Daktari alikuwa amekwisha kuwaambia wanawe wajiandae. Nilijua hilo wakati namuahidi.

Nikaanza kuhariri. Picha zikawa zinaruka na kuganda. Nikaiagiza programu itoe kazi iliyokamilika. Ikaniandikia kwamba inahitaji saa kumi na tisa. Harusi yenyewe haikufika saa hizo, na shehe alichelewa.

Niliandika amri ya kuangalia nani anafanya kazi. Kadi ndogo ilikuwa inahema. Kubwa ilikuwa imelala kama diwani baada ya uchaguzi. Nikaifungua programu upya, kwa amri inayoilazimisha kadi kubwa iamke. Ikaamka. Mwanzoni ilikimbia mpaka nikapiga mluzi. Halafu ikalegea tena, vibaya kuliko mara ya kwanza.

Joto, nikasema. Nikaiinua juu ya matofali, nikaielekezea feni. Wapi! Nikabadilisha draiva, ile programu inayoiendesha kadi. Kioo kikawa cheusi, nikapoteza mchana mzima kurudisha ya zamani.

Rafiki yangu akaja studio. Hakukaa.

“Bosi, imefika wapi?”

“Inapikwa.”

“Mama anauliza. Nipe hata mbichi, hapo anapoingia tu. Nitamwonyesha kwenye simu.”

“Mbichi? Mimi? Unataka mama aone picha inatikisika, na jenereta linanguruma juu ya kaswida?”

“Yeye hatajua.”

“Nitajua mimi.”

Akacheka, lakini kwa mdomo tu. “Haya, bosi. Ila kiza hicho kinakuja.”

Mimi sitoi kazi mbichi. Ndiyo maana niko hapa nilipo.

Mwisho nikameza mate nikamwita fundi wa mjini, yule mwenye diploma ukutani. Aliiangalia mashine kama mtu anayeangalia maiti ya jirani asiyempenda.

“Mzee, tatizo ni hii Linux. Haipatani na kadi mbili. Tuifute, tuweke ya kawaida.”

“Na mwaka mzima huu ilikuwa inapatana na nini?”

Akasema hayo ni masuala ya kitaalamu. Nikampa nauli, nikamwonyesha mlango.

Jibu nililiona mwenyewe. Chaja ilikuwa imechomekwa, taa yake inawaka, lakini asilimia za betri zilikuwa zinashuka. Nikakaa chini. Huku umeme ukikatika tunafanya kazi kwa sola, na chaja kubwa ya mashine kama ile inaipigisha inveta kelele mpaka inazima. Wenye studio wote wa mwambao huu tunafanya jambo moja: tunaachana na chaja iliyokuja na mashine, tunanunua ndogo. Yangu kubwa niliiuza mvua zilipoanza. Chaja ndogo inaitosha kadi ndogo. Kubwa ikiamka, mashine inakula betri, na ikiona haitoshi inaibana kadi isivute. Linux haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inagawa hicho kidogo nilichoipa.

Nikapiga simu Mwanza, nikapiga Dar. Wananiambia nisubiri basi. Kumbe chaja ilikuwa hapa hapa Rusimbi, kwa mtu anayeuza makava ya simu, imetundikwa na vumbi lake. Nilimkuta asubuhi, ndiyo kwanza anafungua duka. Nikarudi, nikachomeka. Kadi kubwa ikaamka na haikusinzia tena. Haikumaliza saa moja, harusi nzima ikatoka. Nikaitazama ile sehemu: binti anaingia polepole, macho chini, halafu anayainua kama mtu aliyeitwa. Hakuna studio nyingine huku ingeitoa vile. Nasema hivyo hata leo.

Nikapanda bodaboda mpaka Simbo, laptopu mgongoni, flashi kwenye mfuko wa shati. Tulipokaribia nikaona vijana wanashusha viti kwenye pikapu, wengine wanafunga turubai. Nikafurahi. Nikadhani rafiki yangu amewaita watu waje kuangalia. Halafu nikawaona wanawake wamekaa chini ukutani, kanga vichwani.

Rafiki yangu alinifuata barabarani.

“Alfajiri,” akasema.

“Pole sana, ndugu yangu.” Nikampa flashi. Hakuipokea.

“Jana jioni aliniuliza tena. Nikamwambia bosi anaitengeneza vizuri.”

“Imetoka vizuri.”

“Najua. Wewe huwa unatoa vizuri.”

“Chukua basi, wengine wataangalia.”

“Nilikuomba mbichi,” akasema, akaenda kupokea watu.

Nilizika nao, nikarudi. Kiza kilipoingia akaondoka na mitumbwi yake. Mwaka haukuisha mwanawe wa kiume akaoa, na kazi wakapewa vijana wa Katubuka wanaopiga video kwa simu. Nimeiona kazi yao. Inatikisika mwanzo mpaka mwisho, na sauti ni ya jenereta. Nasikia ukoo mzima umeiangalia mpaka wameikariri. Flashi yangu iko kwenye droo.

Wenzangu wa studio wananiuliza lile tatizo la kadi mbili lilinigharimu kiasi gani. Wanataka kujua kama waite fundi. Nawaambia wasiite mtu, wanunue chaja inayolingana na mashine. Ile ya Rusimbi jamaa alianzia elfu themanini. Nikambana, maana mimi sinunui kitu kwa bei ya kwanza, tukaelewana shilingi elfu sabini na mbili.