Mkono wa Shati la Shigela

Ungepita Bariadi mwaka sabini na tano ukauliza fundi mzuri wa magari ni nani, ungeambiwa Boniventura, mwenye cheti cha chuo na ovaroli ya mifuko minne. Shigela ungeoneshwa ukiuliza fundi kichaa. Na wala watu hawakumwonea! Mtu gani mwenye akili zake anaziacha Peugeot na Land Rover, ambazo vipuri vyake unavipata ukifunga safari ya Mwanza, anakwenda kujifungia na injini ambazo hakuna anayezitaka?

Lakini ndivyo alivyokuwa tangu ujana. Alizaliwa Ipililo, mtoto pekee wa mama yake, akachunga ng'ombe mpaka siku marehemu baba yake alipomtuma kupeleka pamba kwenye kinu cha kuichambua. Huko akaiona injini ikiunguruma, na ng'ombe akawasahau palepale. Akabaki kinuni anafagia, baadaye akawa anafuta mafuta, mwishowe akashika spana. Injini nzuri zilikuwa na mafundi wake, na hao hawakutaka asogee. Alizoruhusiwa kugusa ni zile zilizotupwa nyuma ya ghala, basi akazoea hizo, akazipenda. Imani yake ilikuwa moja tu: injini ndogo iliyodharauliwa, ukiipanulia njia ya kuvuta hewa na njia ya kutoa moshi, itaikimbiza kubwa, bila kuongezewa mashine yoyote ya kuisukumia hewa.

"Ivute yenyewe," alikuwa akisema. "Kifua inacho. Pua ndiyo ndogo."

Alimwambia kila mtu maneno hayo, hata mama yake, ambaye hakujua hata gari hufunguliwa wapi.

Sasa palikuwa na gari moja dogo jeupe, lililoachwa na padri mgeni aliyerudi kwao. Nembo yake ya mbele ilikuwa imeng'oka, kitabu chake kilikuwa kimeliwa na mchwa, na nchi lilikotengenezwa hakuna aliyeijua. Watu walikuwa wakiliita Yatima. Ushirika wa pamba ulilirithi, ukaliweka nyuma ya ofisi, kuku wakataga humo miaka miwili.

Ndipo petroli ikawa ya mgao. Ndugu Severine, meneja wa ushirika, mtu mnene asiyependa kelele, akawaita mafundi wake wawili. Akawaambia petroli aliyopewa inatosha gari dogo moja, na mshahara uliopo ni wa fundi mmoja. Yule mwingine atakuwa hana kazi mjini, na wasio na kazi mjini, kwa Operesheni ile ya vijiji, wote walikuwa wanarudishwa kwao kulima. Boniventura alikuwa na Peugeot ya ushirika, inayowaka ukiigusa. Shigela akaomba apewe Yatima.

Ndugu Severine alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, chukua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi magari yote mawili yataondoka hapa kwenda Nyalikungu. Litakalotangulia, fundi wake anabaki. Mwingine akachukue jembe."

Shigela akakubali bila kufikiri. Baadaye, akiwa chumbani kwake nyuma ya karakana, ndipo alipoelewa alichokikubali. Alijiona Ipililo, jembe mkononi, injini anazisikia kwa mbali tu lori la pamba likipita. Hapana! Afadhali afe.

Akawafukuza kuku, akaifungua injini. Akaazima kioo cha kabati la maandazi dukani kwa Mzee Maftaha, akamwaga juu yake mchanga laini na mafuta, akaisugua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, juu ya kioo hicho siku nne, ikapungua kimo ili mlipuko ubanwe zaidi. Njia za hewa na za moshi akazipanua kwa tupa ya mviringo, kidogo kidogo, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kabureta ya Yatima, ile inayochanganya petroli na hewa, ilikuwa ndogo, akaitupa, akafunga kubwa aliyoiokota kwenye lori bovu. Mbele ya kabureta akaunga bomba la bati la kuvutia hewa, mdomo wake upana wa kikombe cha chai. Mzee Maftaha alirudishiwa kioo chake kimekwaruzika chote, akamtukana Shigela hadharani, na haki yake.

Akaliwasha. Likaguna, likakohoa, likatema moto kupitia bombani, likazimika. Akaliwasha tena. Ukilikanyaga mafuta polepole linanguruma vizuri. Ukilikanyaga kwa nguvu likimbie, linakohoa na kufa. Shigela akabadilisha plagi. Akarekebisha valvu. Akasafisha tangi. Likakohoa vilevile. Wiki mbili zikapita hivyo, na Shigela hakujua ashike lipi aache lipi. Kila alichokifanya kilikuwa sahihi, aliweza kuapa. Sasa mbona halikimbii?

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, mama yake, Ng'wana Mahona, akaja kutoka Ipililo. Hakuwa mtu wa kuja mjini ovyo, ila alileta kibuyu cha maziwa mgando na viazi vikavu, akakaa kitandani mwa mwanawe akimwangalia asivyokula.

"Wakikushinda, utarudi nyumbani?" aliuliza.

"Nitarudi, mayu. Nitafanyaje?"

"Kwani nyumbani pana ubaya?"

Shigela alikuwa anafikiria plagi.

Ijumaa asubuhi akatoka, akaingia garini bila matumaini, akaliwasha. Mungu wangu! Yatima likanguruma kwa sauti nzito, safi, isiyokatika. Akalikanyaga. Likaruka. Akalipeleka mpaka kwenye daraja la mto na kurudi, likipanda kilima kama halijui kuwa ni kilima. Shigela akashuka, akalizunguka mara tatu. Hakuwa amegusa kitu! Jana bovu, leo zima, na katikati yake amelala tu. Mtu mwingine angefurahi. Yeye akaogopa. Injini ikipona bila sababu, itaugua bila sababu, na kesho ndiyo Jumamosi.

"Limepona?" mama yake akauliza mlangoni.

"Limepona, mayu. Sijui limeponaje."

Ng'wana Mahona akashika kidevu. Alionekana kama aliyetoneshwa kidonda, lakini Shigela alikuwa anatazama gari.

Jumamosi nusu ya mji ilijaa mbele ya ofisi ya ushirika. Kabla ya kuondoka, Ndugu Severine akaamuru kila fundi akague gari la mwenzake, ili baadaye pasiwe na maneno. Boniventura, mtu wa haki lakini mwenye macho, akachungulia ndani ya lile bomba la bati. Akaingiza vidole. Akatoa kifurushi cha kitambaa cheusi, ukubwa wa yai la bata, kimefungwa uzi, ndani yake mizizi na unga wa kijivu.

Umati ukapiga kelele. "Lukago! Ametega lukago!"

Hakuna asiyejua lukago, dawa ya kinga. Wacheza ngoma za mashindano hutembea nazo viunoni, na hakuna mtu anayeshangaa. Lakini kwenye gari la ushirika?

"Ndugu Shigela," alisema Ndugu Severine taratibu, na hapo ndipo alipokuwa anatisha. "Sisi tunajenga nchi kwa sayansi. Hii ni nini?"

"Sijui, ndugu. Si changu!"

"Kitupwe."

Kikatupwa. Shigela akaliwasha gari. Yatima likaguna, likakohoa, likatema moto bombani, likazimika. Jamani, kicheko! Watu walishikana mabega. Dawa imetolewa, gari limekufa, ushahidi gani tena unataka?

Shigela akabaki nyuma ya usukani. Siku nne za kusugua kioo, malengelenge, tupa, yote yale yalikuwa bure? Kumbe kilichoendesha gari ni mizizi? Yeye ambaye hakuwahi kuamini mambo hayo hata alipokuwa mtoto! Akamtafuta mama yake katika umati. Alikuwa anatazama chini. Basi akajua kifurushi ni cha nani, na akashindwa kujua amkasirikie au amhurumie.

"Dakika tano, ndugu!" aliomba.

Akashuka, akapiga magoti mbele ya bomba. Kitu ukubwa wa yai. Kilikuwa kimekaa hapa. Kikikaa hapa kinafanya nini? Hakiongei, hakiombi. Kinaziba tu. Kinapunguza hewa. Na hewa ikipungua... Aha! Kabureta kubwa, lakini kile kitundu cha petroli ndani yake ni kilekile kidogo, hakukipanua. Injini ilikuwa inashiba hewa na inakufa njaa ya petroli! Alikuwa ameipanua pua mno.

Akaushika mkono wa shati lake, akaurarua mpaka begani. Akaukunja, akaufunga kwa waya, akauziba nao mdomo wa bomba nusu. Akawasha.

Yatima likanguruma, zito, safi.

"Mkono wa shati, ndugu!" Shigela alipiga kelele, machozi yanamlenga. "Haujaenda kwa mganga yeyote! Nusa!"

Ndugu Severine akanusa. Akasikia grisi na jasho. Akakubali. Ila watu wakanong'onezana kwamba shati lenyewe si amelifua mama yake?

Ya njiani hayana haja ya kusimuliwa sana. Peugeot ilitangulia mpaka kwenye vilima, na kwenye vilima Yatima likaipita likivuta lenyewe, na Shigela akafika Nyalikungu, akapaki mbele ya ofisi, akashuka, akajinyoosha, na bado Peugeot haijaonekana. Aliporudi Bariadi, Ndugu Severine alimwambia aripoti Jumatatu saa moja na nusu asubuhi.

Jioni alimkuta mama yake amekwisha kufunga mzigo wake.

"Lete huo mkono wa shati nikushonee," alisema. "Jumatatu kazini utavaa nini?"

Shigela akauchomoa bombani, akampa. Alikaa karibu naye akiwa na furaha inayofurika. "Mayu, nilikasirika, lakini nakushukuru. Bila kifurushi chako nisingejua kuwa hewa imezidi. Wewe ndiye uliyenisaidia kushinda."

Sindano ikasimama.

"Ng'wanawane," alisema Ng'wana Mahona, "mimi sikutaka ushinde."

Shigela akadhani hakusikia vizuri.

"Nilipeleka mbuzi kwa mganga. Nikamwambia, nipe dawa gari la mwanangu lizime, arudi nyumbani. Akasema niiweke mahali gari linapopumulia. Pua yake wewe mwenyewe ulinionesha, nikaiweka usiku wa Alhamisi." Akauvuta uzi. "Nyumba yetu imewekewa alama ya chokaa. Jumatano wanaivunja, tuhamie kijiji kipya. Kila mtu abebe miti yake, ajenge mwenyewe. Mimi nitabeba nguzo na nani, Shigela?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja Alhamisi kukuambia. Ulikuwa unafikiria gari."

Alimaliza kushona. Shigela alilia, nani angemlaumu? Jumapili alidandia lori pamoja naye kwenda Ipililo, akisema atasaidia siku moja. Jumapili akang'oa nguzo. Jumatatu saa moja na nusu, saa ambayo alitakiwa karakanani, alikuwa na boriti begani, njia ya kijiji kipya. Alijua anachokipoteza. Kila alipoweka mti chini alikuwa anarudi mjini moyoni, na kila alipomwona mama yake anakokota fito alikuwa anarudi Ipililo.

Jumanne mchana Peugeot ya ushirika ikaja na vumbi lake. Boniventura akashuka.

"Shigela, Yatima limezima. Tangu jana asubuhi linakohoa tu. Nimejaribu kila kitu, hata sielewi nimejaribu nini. Ndugu Severine anasema ufike leo, la sivyo anaandika jina langu mahali pako."

Ng'wana Mahona akatua fito. "Limezima?"

Shigela akaushika mkono wa shati lake, ulioshonwa vizuri, kila pigo la sindano mahali pake. Ulikuwa hapa, begani kwake. Hakuweka kingine bombani. Na ni nani aliyeuomba? Akamtazama mama yake. Dawa ilikuwa imetupwa, amewathibitishia wote kwamba ni kizibo tu, na gari limezima, na yeye amerudi nyumbani, kama mama alivyoomba.

"Mayu, ulijua?"

"Nilijua nini? Niliona shati limeraruka."

Alikuwa anasema kweli, uso wake ulionesha, na hilo ndilo lililomchanganya Shigela kuliko yote. Nyumba mpya ilikuwa na kuta tatu zilizosimama na moja bado. Boniventura alisubiri kando ya Peugeot.

Ng'wana Mahona akashika pindo la kanga yake. Akalirarua, kipande cha upana wa kiganja, akakikung'uta vumbi, akamwekea mwanawe mkononi.

"Hiki sijakipeleka kwa mtu yeyote," alisema. "Nenda kawashe gari lako."

Shigela alisimama na kile kipande cha kanga mkononi, hajui aende au abaki. Hatimaye akakitia mfukoni, akamgeukia Boniventura.

"Vua ovaroli," alimwambia. "Tunyanyue ukuta huu kwanza."