Mpishi Aliyefukuzwa kwa Kugandisha Maziwa

Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Mkaguzi wa chakula cha shule anaingia jikoni bila hodi, anafunua ndoo ya kwanza, ananusa, anarudi nyuma hatua mbili.

"Haya ni maziwa gani, mama?"

"Ya mgando, bwana."

"Nani kakwambia uyaache yaharibike?"

"Hayajaharibika. Yameganda. Onja."

Haonji. Anafunua ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Anatoa simu na kupiga picha. Kabla kengele ya mapumziko haijalia, mwanamke aliyepika katika shule hiyo miaka kumi na tisa ameshaambiwa avue aproni.

Wanafunzi walimwita Mama Mwiko, na mtaani jina hilo limebaki ingawa mwiko wenyewe kanyang'anywa. Ana miaka hamsini na minane. Leo anaosha vyombo nyuma ya mgahawa, kwenye kiwanja cha saruji chenye bomba moja na mabeseni matatu, kwa theluthi ya alichokuwa akipata. Anaongea huku akisugua masizi ya sufuria.

"Niulize tu, ndugu yangu. Mdomo haufungwi na sabuni."

Kisa chenyewe kilianzia juu, kama visa vingi. Wakubwa waliamua kila mtoto wa shule anywe kikombe cha maziwa kila siku. Si wazo baya. Maziwa yakaja, na waraka ukaja: yachemshwe, yapoe kidogo, yanywewe siku hiyohiyo yakiwa freshi. Mpishi hakuulizwa. Watoto ndio kabisa.

Wiki ya kwanza, kipindi cha pili hakikufundishika. Watoto mia nne na kumi na wawili, vyoo sita.

"Foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko ya chakula," anasema. "Mwalimu wa hesabu akanifuata jikoni. Ananiambia, Mama Mwiko, leo umewatilia nini, darasa zima linapiga tarumbeta. Nikacheka. Moyoni sikucheka."

Akachemsha zaidi. Akasugua ndoo kwa maji ya moto, akabadilisha vikombe. Wapi. Ndipo akaanza kuwatazama watoto wenyewe, maana anayepakua anazijua sura zote. Watoto wa familia za wafugaji walikuwa wakilamba vikombe vyao na kuomba vya wenzao, na hawakuwa na neno. Wengi wa waliobaki, ndoo hiyohiyo, kikombe hichohicho, wanajikunja.

"Nikajiambia, uchafu haumuulizi mtoto baba yako anafuga nini. Hapa kuna jambo."

Akakumbuka kwao. Mama yake alikuwa akisema maziwa freshi ni ya ndama na ya mtoto anyonyaye. Mwenye meno anasubiri yagande.

Ijumaa hiyo, bila kumwambia mtu, aliyachemsha, akayaacha yapoe, akatia upawa mmoja wa mgando katika kila ndoo, akafunika. Jumatatu watoto wakanywa. Foleni ikaisha. Wiki nne nzima hakuna aliyeshika tumbo.

Nilikwenda kwa muuguzi wa zahanati ya jirani anieleze. Alinieleza kwa maneno mepesi. Maziwa yana sukari yake, na mtoto mchanga anazaliwa na kitu tumboni cha kuivunja. Kwa watu wengi duniani kitu hicho kinapungua baada ya kuachishwa ziwa. Sukari ikikosa wa kuivunja inakwenda kuchachia utumboni. Ndiyo gesi, ndiyo kuharisha.

"Watu wa kale walipoanza kufuga, karibu watu wazima wote walikuwa hivyo," alisema. "Wengi wao waliyagandisha, kwa sababu mgando unapunguza ile sukari. Matumbo ya kuyaweza yakiwa freshi yalienea baadaye sana, katika koo za wafugaji, kizazi kwa kizazi, maelfu ya miaka."

Maelfu ya miaka. Wakubwa walitaka iwe wiki moja. Tumbo halisomi waraka.

Marehemu mke wangu alimezeshwa dawa za minyoo miaka kumi na mmoja kwa tumbo la namna hii. Minyoo haikuonekana. Hakuna daktari hata mmoja aliyemuuliza asubuhi anakunywa nini.

Malalamiko ya wazazi, yale ya wiki ya kwanza, yalichukua wiki tano kufika ofisini, sijui yalitembea kwa magoti. Yalipofika watoto wameshapona. Mkaguzi alikuja kutafuta wagonjwa, akawakosa, akakuta ndoo.

Na akakuta daftari la jikoni. Hapo Mama Mwiko hajitetei.

"Niliogopa waraka. Kila siku niliandika: yametolewa freshi. Huo ni uongo, na ni wangu. Kwenye kikao cha kunijadili mkaguzi akasema, anayedanganya kwenye daftari, kunawa mikono tutamwamini vipi?"

Katika kikao hichohicho ikaletwa chai. Mkaguzi akasukuma kikombe pembeni. "Mimi niletee ya rangi. Maziwa yananisumbua tumbo."

"Nilimtazama," anasema Mama Mwiko. "Wote tulimtazama. Mwalimu mkuu akainama, akawa anasoma karatasi aliyoishika juu chini."

Barua ya kumfukuza inasema wanafunzi waliugua kwa "uchafu wa mikono ya mpishi." Kwa mstari huo hakuna jiko la shule linalomtaka. Hata mgahawani anaruhusiwa vyombo, chakula hagusi.

Binti yake amechoka na habari hizi. "Mama, achana nao. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha. Jiko nimemwachia. Jina langu simwachii."

Ameandika barua mbili ofisini. Haziombi kazi. Zinaomba mstari ule ufutwe, basi, ya kazi yatazungumzwa baadaye. Hazijajibiwa.

Shuleni yupo mpishi mpya, msichana mwenye cheti na glovu zinazofika kwenye viwiko. Anaufuata waraka neno kwa neno, na maziwa yamerudi kuwa freshi. Alhamisi iliyopita nilisimama penye uzio wakati wa kipindi cha pili. Foleni ilikuwa imezunguka ukuta wa vyoo, na mtoto mmoja alikuwa amechuchumaa nje, kajifunika uso kwa sweta.

Nilimwambia Mama Mwiko nilichokiona. Akaacha kusugua, akajifuta maji kwenye kanga, akaniomba kalamu. Barua ya tatu ameiandika palepale, juu ya sinia lililopinduliwa, na ina swali moja tu: ikiwa uchafu ulikuwa kwenye mikono yangu, na mikono yangu mmeitoa jikoni, watoto hawa sasa wanaharishwa na mikono ya nani?