Bega la Kulia la Soipan

Soipan Tajeu alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu. Alizaliwa nje kidogo ya mji wa Kajiado, akasomea mifugo, kisha akaolewa na Kuntai, fundi wa kuchomelea mageti, wakapanga nyumba ya vyumba viwili Kitengela, upande wa Noonkopir. Simu yake ilianza kulia kabla chai haijachemka. Mtu wa Kisaju anasema ng'ombe yake imelia tangu jana na haitaki majani. Mama wa Isinya anauliza kama atafika kabla ya saa nne. Soipan alifunga mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki, akavaa gambuti, akaondoka.

Wateja walimpenda ingawa maswali yake yaliwachosha. Hakugusa ng'ombe kabla ya kujua ilianza kulia kwa kutaka dume lini, ilipandwa lini mara ya mwisho, ilizaa lini. Mtu akisema "kama wiki mbili hivi," Soipan alisimama pale pale na kumngoja akumbuke siku yenyewe. Yote aliyaandika katika daftari lenye jalada gumu, na siku ambazo hakuweza kwenda kazini aliandika tu: sikutoka.

Siku za kutotoka zilikuwepo tangu zamani. Akiwa shule ya bweni, hedhi ilipomjia alikuwa akijikunja kitandani huku jasho likimtoka, na matroni akimwambia kwamba wasichana wote hupitia hayo, atapoa akishazaa. Mama yake, Naserian, alimpa maji ya moto na kumwambia avumilie. Soipan akavumilia. Alijifunza kucheka na watu huku tumbo likimkata, na kufikia miaka ishirini na saba alikuwa ameacha kabisa kuyataja maumivu hayo, kwa kuwa aliamini kila mwanamke anayo.

Kisha likaja la bega, na hilo hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia kuwa analo.

Lilimkuta Kisaju, akipanda pikipiki. Alisikia kitu kama msumari kikisukumwa juu ya bega la kulia, kikapanda shingoni. Alipojaribu kuvuta pumzi ndefu, kifua kikakataa katikati. Alirudi nyumbani polepole sana, na kwa siku tatu hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea mito. Siku ya nne maumivu yakapungua, ya sita yakaisha, na alipopata nguvu ya kupanda pikipiki akaenda kliniki.

Daktari wa kliniki ile alikuwa mpole na mwenye haraka.

"Unafanya kazi gani?"

"Napandisha ng'ombe kwa mbegu."

"Ile ya kuingiza mkono mpaka huku?" Akajigusa begani. "Basi ndio hiyo. Msuli umechoka. Pumzika wiki moja."

"Daktari, mkono naingiza ni wa kushoto. Hii inauma ni ya kulia."

Daktari alitabasamu kama mtu aliyesikia mzaha mzuri, akaandika dawa ya maumivu na ya kupaka.

Mwezi uliofuata bega likarudi, na uliofuata vilevile. Kliniki ya pili ilisema ni asidi ya tumbo. Ya tatu ikasema baridi ya pikipiki imemwingia kifuani. Daktari mmoja akampiga picha ya kifua, akaishika kwenye mwanga wa dirisha na kusema mapafu yako safi kabisa. Daktari mwingine, mama wa makamo, alimuuliza ameolewa miaka mingapi na kama ana mtoto. Soipan alipojibu miaka minne, hana, yule mama akaweka kalamu chini. "Uko na mawazo mingi, mama. Mawazo inaweza kuuma kama ugonjwa." Soipan akatoka mle ndani akiwa na mawazo ambayo hakuwa nayo alipoingia.

Mwaka wa pili akaanza kukohoa, na asubuhi mbili aliona damu kidogo kwenye kitambaa. Alikuwa amekonda. Hospitali moja mjini Kajiado ikampima makohozi mara tatu, na mara zote tatu hawakuona kifua kikuu. Wakamwanzishia dawa za kifua kikuu hata hivyo, kwa kuwa hawakujua jambo lingine la kumpa. Miezi sita alimeza vidonge vilivyougeuza mkojo wake kuwa rangi ya machungwa. Majirani wa ploti waliyopanga wakaanza kumtengea kikombe. Hakuruka dozi hata siku moja, na bega halikuruka mwezi hata mmoja.

Kuntai alimpeleka kila alikotaka kwenda. Lakini siku dawa zilipokwisha na maumivu yakarudi vilevile, aliketi kwenye kiti karibu na mlango, bado na aproni yake ya kazi, akasema kwa sauti ya chini, "Labda ni woga, Soipan. Madaktari sita hawawezi kukosea wote."

Kwa muda wa wiki nzima walisemezana habari za chakula na maji tu.

Aliyefumbua jambo hakuwa daktari. Alikuwa Nasteho, mwanamke wa Garissa mwenye duka la jumla karibu na soko, ambaye Soipan alinunua kwake sabuni, sukari na mahitaji madogo ya nyumba. Alasiri moja Soipan aliingia amejishika bega, anapumua kwa vipande vipande. Nasteho akamletea kigoda, akamfungia pedi kwenye gazeti kama kawaida, na kabla Soipan hajasema neno akaweka juu yake pakiti ya dawa ya maumivu.

"Umejuaje nataka hiyo?" Soipan akauliza.

"Abaayo, dada yangu, si unanunua hivyo kila mara. Hizi mbili hujawahi kununua moja bila ingine. Mimi nilidhani unajua."

"Dawa ni ya bega."

"Naona ni ya bega. Nakuambia tu vile unanunua."

Soipan alikaa kwenye kile kigoda muda mrefu, wateja wakimpita. Mwanamke ambaye angemfukuza mfugaji arudi kuuliza mkewe ni tarehe gani hasa ng'ombe ililia, hakuwahi kujiuliza mwenyewe swali hilo. Alipofika nyumbani alifungua daftari na kuzitafuta siku zote alizoandika sikutoka. Aliweka mstari chini ya kila moja, akahesabu siku za katikati. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na saba. Mara moja tu zilikuwa thelathini na moja.

Kisha akaona jambo la pili, na hilo ndilo lililomtia hasira. Picha zote za kifua alizopigwa, nne kwa jumla, zilipigwa wiki moja au zaidi baada ya maumivu. Siku zenyewe za maumivu hakuweza kusimama, kwa hiyo alikuwa akingoja apate nafuu ndipo aende hospitali. Madaktari walikuwa wakitazama mwili uliokwisha kupona.

Alimwonyesha Kuntai daftari. Kuntai alifuata tarehe kwa kidole chenye alama za moto, akarudi mwanzo, akafuata tena. "Nilikosea kukuambia ile kitu," akasema. "Mwezi huu tunaenda siku yenyewe. Hata kama nitakubeba."

Siku hiyo iliangukia Alhamisi. Bega lilianza alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi Soipan alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Kuntai aliazima gari la jirani, wakaenda hospitali kubwa kidogo iliyokuwa na mashine ya picha. Aliyewapokea alikuwa daktari kijana, macho mekundu kwa kazi. Alisoma faili walilokuja nalo, akafungua picha ya mwezi uliopita.

"Mama, hii picha iko sawa. Hakuna haja ya kurudia. Picha nyingi si nzuri kwa mwili."

"Hiyo nilipigwa nikiwa mzima," Soipan akasema. Akatulia, akavuta pumzi ndogo. "Leo si mzima. Nipige leo."

"Nitakupa sindano ya maumivu, upumzike, urudi Jumatatu tuone."

"Jumatatu itakuwa imeisha. Kila mara inaisha." Akaweka daftari mbele yake, limefunguliwa. "Kama hutaki, andika kwa faili. Andika nimeomba picha, umekataa, na jina lako."

Hakulisema kwa ukali, hakuwa na pumzi ya ukali. Daktari kijana alimtazama, akalitazama daftari, akamtazama Kuntai aliyesimama mlangoni. Akavuta karatasi ya ombi la picha na kuijaza.

Baada ya nusu saa alirudi anatembea haraka, muuguzi nyuma yake. Pafu la kulia lilikuwa limesinyaa, hewa imejaa kando yake mahali ambapo haikupaswa kuwa. Walimdunga ganzi ubavuni, wakaingiza mrija, na hewa ikatoka ikibubujika kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Soipan alivuta pumzi mpaka mwisho, ya kwanza tangu asubuhi, kisha akalia. Kuntai alidhani ni uchungu wa mrija. Hakuwa akilia kwa uchungu. Kulikuwa na picha sasa, na mtu yeyote angeweza kuiona.

Daktari kijana alikuja jioni akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. "Ningekurudisha nyumbani," akasema.

Ni yeye aliyempigia simu Daktari Munguti, mtaalamu wa magonjwa ya wanawake, aliyekuwa akija pale mara moja kwa wiki kutoka Nairobi. Daktari Munguti alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba. Alisoma daftari lote kuanzia ukurasa wa kwanza, pamoja na habari za ng'ombe. Kisha akaanza kuuliza. Hedhi ilianza ukiwa na miaka mingapi? Uliwahi kukosa shule? Unaumwa ukienda choo siku hizo? Unaumwa ukiwa na mume wako? Soipan alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza hata moja.

"Ugonjwa huu unaitwa endometriosis," Daktari Munguti akasema. "Ndani ya tumbo la uzazi kuna utando unaotoka na damu kila mwezi. Kwako, kitu kinachofanana na utando huo kimeota nje, mahali si pake. Mara nyingi hukaa chini tumboni. Nafikiri chako kimepanda mpaka kwenye ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua. Kila mwezi nacho kinavuja damu, kinatoboa msuli, na hewa inapita hapo hadi kando ya pafu. Msuli huo ukiumia, bega ndilo linalolia."

"Kwa hivyo si mawazo."

"Si mawazo. Si ng'ombe pia."

Alifanyiwa upasuaji Nairobi wiki sita baadaye, kwa matundu madogo. Walikuta madoa ya rangi ya kahawia kwenye msuli ule, na vitobo viwili. Wakaondoa walichoweza, wakaziba. Mama yake, Naserian, alikuja kutoka Kajiado kumuuguza. Siku ya tatu, akimpaka mafuta miguuni, alisema bila kuinua uso, "Nilikuambia uvumilie."

"Ulikuwa hujui, yeyo."

"Sikuuliza pia, enkerai ai, mwanangu." Akaendelea kupaka.

Soipan hakupona kwa namna ambayo watu wa ploti walitarajia. Anameza kidonge kila siku cha kuzuia hedhi, na Daktari Munguti alimweleza wazi kwamba ugonjwa huo hutulizwa, haufutwi. Miguu humvimba kidogo, na kuna siku tumbo la chini bado linamlaza. Yeye na Kuntai wanataka mtoto, na kumtafuta kunamaanisha kuacha kidonge na kulipatia bega nafasi ya kurudi. Wamelizungumza mara nyingi, Jumapili wakiwa wamekaa nje na chai, na bado hawajaamua. Amerudi kazini, ila wateja wa mbali wa Isinya amewaachia mwenzake.

Juzi, mwezi wa Mei, alisikia kitu begani akiwa anafua. Kilikuwa kidogo, na huenda kilitokana na kukamua nguo tu. Alisimama na mikono yenye povu, akajiambia angoje kesho. Kisha akajipangusa na kupiga simu.

"Njoo leo," Daktari Munguti akasema.

Alikwenda. Picha ilikuwa safi, mapafu yote mawili yamejaa. Daktari alimsikiliza kifua, akaandika tarehe, akamuuliza kama bega bado linamsumbua. Soipan alisema linamsumbua kidogo, na daktari akaandika hilo pia.