Maalim Hapumui

Siku moja kabla ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili, nilitoka nyumbani mtaani Satellite, Nairobi, nikaenda Ngara, kwenye duka la vitambaa la maalim mmoja mshairi, kumsikilizisha sauti yake mwenyewe. Ndilo sharti alilonipa alipokubali nimrekodi: shairi lake lisichezwe mbele za watu kabla hajalisikia. Niliona ni mambo ya kizamani, lakini nilikuwa nimeahidi.

Tasnifu ilisimama juu ya dai moja. Shuleni tulifundishwa kwamba mshororo una vipande viwili na msomaji hutua katikati. Sikuwahi kuamini. Nilipima kwa kompyuta sauti za wasomaji sita, maalim akiwa mmoja wao, nikaona hawatui. Mtuo ule, niliandika, uko karatasini tu.

Maalim aliweka kando futi yake ya kupimia vitambaa, akainamia simu yangu iliyokuwa ikicheza shairi lake juu ya meza ya duka.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Maalim."

"Mimi?" Akamgeukia mkewe aliyekuwa akikunja leso. "Huyu hapumui. Kumbe umeolewa na jini."

"Jini angeshanijengea nyumba," mkewe akajibu.

Nilicheka nao, kisha neno lake likanirudia. Hapumui. Rekodi zote nilikuwa nimezipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele za barabarani, na zile za awali nikazifuta. Nilifungua mipangilio ya programu hiyo. Chini kabisa palikuwa na kitufe kilichowashwa: ondoa ukimya. Mimi ninayebishana hata na kamusi sikuwa nimekitazama.

"Nisomee ubeti mmoja tu, Maalim."

Alisoma, nami nikishika saa. Alitua katikati ya kila mshororo. Nikamwomba arudie, nikitumaini atateleza. Hakuteleza.

"Mbona umesawijika, mwanangu? Nimekosea?"

"Nimekosea mimi."

Nilitoka mlangoni nikampigia profesa anayenisimamia. Alikuwa akielekea kwake Kitisuru. Nilimweleza yote.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Maalim."

"Jopo halimjui maalim."

Nilisikia indiketa ya gari lake ikigonga.

"Ukiitoa sura ya nne yenye vipimo hivyo," akasema, "kesho huna cha kutetea."

"Najua, Prof. Naitoa."

Alikata simu. Nilirudi ndani, nikaifuta ile programu, nikaweka simu mezani.

"Maalim, una nafasi ya kusoma shairi lote tena?"

Akamtazama mkewe. "Zima hilo feni," akamwambia, "lisije likamsumbua kwa kelele."