Umejuaje Kama Anasoma?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyopewa cheti. Ni Jumamosi moja asubuhi, nimekaa kwenye kochi la Mwalimu Zuhura kule mtaa wa Section 58, mjini Nakuru, namtazama akisoma kurasa zangu tatu kwa mara ya pili. Chai ilikuwa imepoa mkononi mwangu. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akaniuliza neno moja tu.

"Umejuaje?"

Nakuandikia haya kwa sababu umenichosha. Wiki iliyopita uliniambia kwa simu kwamba hutajaza fomu za kile cheti cha juu cha ualimu, kwa kuwa si lazima, na kwa kuwa miaka kumi na miwili darasani inatosha, hakuna wa kuja kukufundisha kazi yako. Nilikata simu, kwa maana ningefungua mdomo ningekutukana, na mama yako ni rafiki yangu. Sasa nimetulia kidogo. Keti unisikie.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane darasani, katika shule ya msingi nje kidogo ya Rongai, mahindi yakitufunga pande zote. Nilifundisha watoto wadogo kusoma. Nilisifika. Kuna wazazi waliomwendea mwalimu mkuu kumwomba watoto wao wahamishiwe kwangu, na mimi nikijua wameenda, nikijifanya sijui. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ngoma yangu niliivuta mpaka ikakaribia kupasuka.

Basi chama fulani cha walimu kikatangaza cheti hicho kwa walimu wenye uzoefu. Hakuna aliyelazimishwa. Pale stafrumu walimu wenzangu walinicheka, wakaniuliza natafuta nini tena, kama nataka kuwa profesa wa gredi ya tatu. Nilitaka cheti hicho kikae ukutani ili mtu yeyote akiingia ofisini akione kabla hajaniona mimi. Nakuambia ukweli wote, hata huu wa aibu.

Walichotaka kilikuwa faili. Video ya somo moja. Kazi za wanafunzi. Halafu maelezo marefu ya mtoto mmoja uliyemsaidia, pamoja na ushahidi. Fomu zenyewe zilikuwa kero tupu! Kila ukurasa unauliza jambo lile lile kwa maneno mengine: ulifanya nini, kwa nini, ulijuaje kama imefaa. Mara ya nne nilikaribia kuzichana.

Mtoto niliyemchagua aliitwa Cherono. Alitoka Kamere, kule ziwani Naivasha, mama yake alikokuwa akikata maua kwenye mashamba makubwa, wakarudi nyumbani Rongai yeye akiwa hajui herufi hata moja. Nilimpokea gredi ya kwanza, nikapanda na darasa hilo. Alipofika gredi ya tatu alikuwa anasoma kama maji yanayoteremka. Mgeni akija shuleni, Cherono ndiye anayeitwa mbele asome. Niliandika kurasa tatu juu yake, nikalia kidogo kwa uzuri wa maneno yangu mwenyewe.

Kurasa hizo ndizo nilizompelekea Mwalimu Zuhura. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, wazee wake walitoka pwani zamani wakatulia Nakuru, na ndiye aliyenisimamia nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu. Kila mwombaji alihitaji mwalimu mzee wa kusoma faili lake na kulitilia sahihi. Nilijua atatia sahihi kabla chai haijapoa.

Basi aliponiuliza nimejuaje, nilimjibu kwamba nimejua kwa sababu namsikia Cherono akisoma kila siku.

"Unamsikia," akasema. "Je, umewahi kumpa kitabu asichokijua?"

Aliinuka, akatoa rafuni kitabu chembamba cha hadithi, kimekunjika pembe, akanipa. Niliaga upesi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikigombana naye moyoni, nikimwambia amezeeka, ameacha darasa zamani, watoto wa siku hizi hawajui. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mwalimu aliyesifiwa sana ni nyani zaidi.

Kitabu kilikaa kwenye mkoba wangu siku tisa. Siku ya kumi, wakati wa mapumziko, nilimwita Cherono nikampa. Alikifungua vizuri, akaweka kidole chini ya mstari kama nilivyomfundisha, akaanza. Sauti nzuri, vituo mahali pake. Alisoma habari za kuku aliyepotea akatafutwa na vifaranga wake.

Kwenye picha palikuwa na kuku. Lakini maneno yaliyoandikwa hayakumtaja kuku hata mara moja. Yalikuwa ya msichana na mbuzi wake.

Nilimwomba anionyeshe neno "mbuzi". Kidole kilizunguka ukurasa, kikatua kwenye "alipofika". Nikamwomba neno "maji". Akanitazama usoni badala ya kutazama kitabu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote.

Polepole nikapata habari yote. Dada yake Joan, aliyekuwa gredi ya sita, alikuwa bado na vitabu vyake vya zamani. Jioni wakipukuchua mahindi, Joan husoma, Cherono anashika. Akisikia mara mbili inatosha. Kitabu kizima cha darasa alikuwa nacho kichwani, kurasa na picha zake, na hajui herufi kumi.

Unajua nilifanya nini? Nilimkasirikia. Mtoto wa miaka tisa! Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuniambia.

"Madam," akasema, "ulikuwa unafurahi."

Ungedhani hapo nilizinduka. La. Faili lilitakiwa Ijumaa, na mimi nikafanya hesabu ya mtu mwoga. Nilizitoa zile kurasa tatu, nikaandika nyingine juu ya mvulana ambaye nilikuwa na hakika naye, maana nilimpima kwa vitabu vipya vitatu. Hakukuwa na uongo hata mstari mmoja. Nikarudi Section 58 nimenyoosha mgongo, nikampa Mwalimu Zuhura kalamu.

Alisoma. Akauliza yule msichana amekwenda wapi. Nikamweleza yote, kwa kifupi, nikamalizia kwamba nitamshughulikia baadaye, kazi ya faili ikiisha.

Hakupandisha sauti. Aliifunika kalamu kifuniko chake, akanirudishia.

"Faili lako limepona. Mtoto je?"

Nikasema muda umekwisha, kwamba nikikosa mwaka huu itabidi ningoje mwingine. Akaniambia mficha maradhi, kilio humfichua, na kwamba kilio hiki hakitakuwa changu, kitakuwa cha mtoto siku atakayopewa mtihani asiousikia kwanza. Halafu akanikaribisha mahamri, kana kwamba hajanikata kichwa.

Sikupeleka faili mwaka ule. Stafrumu walicheka tena, safari hii nikawaacha wacheke vizuri. Niliwapima watoto wote wa darasa langu, mmoja mmoja, kwa kitabu wasichokijua. Cherono hakuwa peke yake. Walikuwa watano! Watano katika darasa ambalo wazazi walikuwa wakiligombania. Hasira niliyokuwa nayo juu yangu, mwanangu, ningeweza kuipasulia kuni.

Tulianza upya, mimi na hao watano, kila asubuhi kabla ya gwaride la shule. A, e, i, o, u. Cherono aliteseka kuliko wenzake, kwa sababu alizoea kusifiwa. Siku mbili alikataa kuja. Nilimfuata, nikamwambia aliyekosea ni mimi, si yeye. Alinitazama kama mtu anayedanganywa, lakini kesho yake akaja.

Muhula wa tatu ikafika siku ya wazazi. Cherono akasoma aya moja ya kitabu ambacho hajawahi kukiona. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, anasimama, anapima, anaruka, anasimama tena. Neno "walivyotushangaza" lilimchukua muda mpaka watu wakaanza kukohoa. Akalishinda. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Baadaye mama yake alinijia, uso umekunjamana. "Madam, huyu mtoto amerudi nyuma? Mwaka jana alikuwa anasoma mbio."

Ningeweza kusema ni haya ya mbele ya watu. Angeamini. Nikamwambia kwamba mwaka jana hakuwa anasoma, alikuwa anakariri, na kwamba mimi mwalimu wake sikujua.

"Ripoti zote ulikuwa unaandika anasoma vizuri sana. Miaka miwili, madam."

"Ndiyo. Naomba msamaha."

Hakunipa siku hiyo. Alimshika Cherono mkono wakaondoka, na alikuwa na haki. Lakini kabla hawajafika getini nilimwona amesimama mbele ya ubao wa matangazo, anamwonyesha mtoto mstari kwa kidole, na mtoto anasoma, taratibu, na mama anangoja. Hakuna mgeni wala ofisa aliyewahi kunipa sifa iliyonifika kama kule kungoja kwake.

Mwaka uliofuata nilipeleka faili, na kurasa za Cherono zikiwa ndani kama mambo yalivyokuwa, ripoti zangu za uongo zimebandikwa pamoja nazo. Sehemu hiyo nilipita. Nikaanguka kwenye video, kwa sababu nilizungumza karibu somo zima peke yangu. Nilikasirika, nikaitazama upya, nikakuta wamesema kweli, nikakasirika zaidi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; nikarudia. Cheti kikaja. Kiko kwenye droo, sijui hata droo ipi.

Sasa sikia, mwanangu, kwa sababu sitarudia. Jaza hizo fomu. Usijaze kwa ajili ya karatasi, wala kwa kuwafunga midomo wa stafrumu, maana haifungiki. Jaza kwa sababu miaka yako kumi na miwili hakuna aliyekuuliza umejuaje, na wewe hujajiuliza. Ukiulizwa, usinune siku tisa kama mimi. Na ukikuta kosa, lishughulikie lenyewe kwanza, faili lingoje. Faili halikui, mtoto anakua. Mwenye mtoto mwambie kweli, hata kama hajakuuliza vizuri. Na kama unasema huna muda, usinipigie simu kuniambia. Mpigie mtu mwingine.

Mungu akujalie macho ya kumwona mtoto aliye mbele yako, si yule unayependa kumsimulia. Akupe mzee wa kukurudishia kalamu. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe wazazi wenye subira kuliko unavyostahili. Amina.