Fundi Aliyeniomba Nifute Neno Moja

Taarifa ya msiba ilinifikia Jumanne asubuhi kupitia kundi la simu la kamati yetu ya zamani, lile ambalo siku hizi kazi yake ni salamu za sikukuu na picha za harusi za watu tusiowajua. "Tumempoteza fundi wetu mahiri, mbunifu na mzalendo," aliandika mwenyekiti. Zikafuata alama za mikono iliyokunjwa kwa sala, moja baada ya nyingine. Ilinibidi nisome mara mbili ndipo nijue ni fundi yupi, maana kwa misimu mitatu kundi hilohilo lilikuwa likimwita tapeli. Kifo kina huruma ya ajabu, humpandisha mtu cheo bila usaili.

Wasomaji wa Mbinga mjini huenda mlimwona. Alikuwa mtu wa Lipingo, mtoto wa ziwani aliyepanda milimani kutafuta riziki, akapanga chumba nyuma ya duka la vipuri vya bodaboda. Wengi walidhani anatengeneza redio. Kumbe alikuwa akichora bodi za saketi, yale mabamba ya kijani yaliyomo ndani ya kila kifaa cha umeme, kwa programu ya bure kwenye kompyuta mpakato iliyong'oka vitufe viwili. Nilipenda kwenda kumtazama. Akimaliza kupanga vipande vyake alibofya kitufe kimoja, na rangi ikafurika bodi nzima, ikizunguka kila njia isiyoihusu, kama mvua inavyojaza mashimo ya ngoro, yale mashamba yetu ya mlimani, bila kubomoa matuta. Rangi ile, alinieleza, ni shaba: tabaka la juu la kupelekea umeme, na la chini la kuurudishia, ambalo mafundi huliita graundi. "Mwalimu," aliniambia, "watu wanahangaika na umeme wa kwenda tu. Wa kurudi hawana habari nao. Sasa ukiukatia njia ya kurudi, unazunguka, unabanana na mwenzake, basi kifaa kinaanza kusema uongo." Niliitikia kwa kichwa kwa hekima nyingi, kama afanyavyo mwalimu mstaafu wa Kiswahili akielezwa mambo ya umeme.

Wakati huo nilikuwa katibu wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa, na tulikuwa na ugomvi wa kila msimu. Mkulima analeta kahawa, anang'ata punje, anasema imekauka. Mpokeaji anang'ata punje ileile, anasema bado mbichi. Hakuna meno ya kuamua kati ya meno. Tukamwomba fundi atuundie kipima unyevu, naye akaunda cha majaribio kilichopima vizuri mno. Ikabaki kuchora bodi yenyewe na kuiagiza kiwandani nje ya nchi. Hapo ndipo kamati ilipoamka. Kikao kilikuwa na ajenda tatu, mbili zikihusu mgeni rasmi wa uzinduzi. Mwenyekiti alitaka jina la mheshimiwa huyo liandikwe ndani ya kifaa, lionekane kifuniko kikifunguliwa. Fundi akakubali, akasema ataliandika kwa rangi nyeupe. "Rangi hufutika," mwenyekiti akasema. "Jina la mheshimiwa liwe la shaba." Kazi ya kutunga maneno nikapewa mimi, nami sikuwaangusha: KIFAA HIKI KIMEZINDULIWA RASMI NA MHESHIMIWA, kisha majina yake matatu na wadhifa wake wote.

Siku mbili baadaye fundi akaja nyumbani kwangu, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sitakaa sana. Mwalimu, haya maneno yanaikata graundi. Juu pamejaa, nimeyaweka tabaka la chini, na shaba ya huko haiwezi kugusa herufi, itazimeza zisisomeke; lazima ijitenge nazo, na mstari umetoka ukingo huu mpaka ule. Nikizipunguza herufi zaidi ya hapa, kiwanda hakiwezi kuzichapa. Nipunguzie neno moja tu nipate upenyo."

"Neno gani?"

"Hilo 'rasmi'. Kitu kikishazinduliwa, si kimezinduliwa?"

Nilimpa somo la robo saa kuhusu heshima ya lugha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaondoka. Neno likabaki, na umeme wa kurudi ukaachiwa uzi mwembamba wa shaba pembezoni.

Msimu ulipoanza, kifaa kiliwekwa ofisini, mahali panapostahili kitu chenye jina la mheshimiwa. Ofisi ile ina giza, kwa hiyo taa ya kioo chake ilibidi iwashwe. Nje juani, taa ikiwa imezimwa, kilisoma sawasawa. Ndani, taa ikiwaka, umeme wake ulisongamana kwenye ule uzi, na kahawa kavu ikasomeka mbichi. Mama mmoja wa vijiji vya juu alirudishwa mara mbili. "Mwalimu, hii nimeing'ata mwenyewe, inalia ka!" alinilalamikia. "Mashine inasema mbichi! Imekunywa maji njiani?" Aliibeba tena, akaianika tena kwenye vichanja. Mara ya tatu mvua ilimkuta barabarani, kahawa ikalowa kweli, na kifaa hatimaye kikasema ukweli. Mavuno yake ya mwaka yakaota ukungu.

Fundi alipopata habari alikuja mbio na chuma chake cha kulehemu. Akafungua kifuniko, akalehemu waya mnene kuvuka juu ya herufi, akaunganisha shaba ya upande huu na ya upande ule. Tukawasha taa. Kifaa kikasoma kahawa kavu kuwa kavu! Nilishangilia, naapa. Mwenyekiti akavaa miwani, akainama.

"Waya huu umepita wapi?"

"Juu ya maandishi, mwenyekiti."

"Umempitishia mheshimiwa waya shingoni! Siku akija kukagua tutamwambia nini? Toa."

Waya ukatolewa. Katika muhtasari wa kikao niliandika, kwa mwandiko mzuri, "Fundi aonywe." Wakulima wakatangaziwa kwamba kifaa kina kasoro kwa sababu fundi hakusoma vya kutosha. Chumba cha nyuma ya duka la vipuri kikakosa wateja, naye akateremka kwao Lipingo, akawa akitengeneza simu na taa za sola za wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa lile.

Si kwamba tulikuwa watu wabaya. Tulikuwa watu wa kawaida wa nchi hii, ambako jiwe la uzinduzi hufika kabla ya ukuta. Nimeona choo cha shule chenye jiwe la mistari sita na bomba lisilo na tone. Tuna wanaojua kazi na tuna wanaojua maneno, na wa maneno ndio hukaa meza kuu. Nimekaa huko miaka mingi, soda zake ni baridi.

Jumamosi tulikodi basi dogo, kamati na wakulima wachache, tukashuka kumzika. Mwenyekiti alisema kifaa kile kilizitangulia zama zake. Mjane aliniomba nisome wasifu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu. Niliandika ukurasa mzima. Habari ya kifaa nikaiweka katika sentensi moja nzuri sana ambayo haikusema lolote. Mjane akanishika mikono yote miwili, akanishukuru huku analia, na sijawahi kuona aibu kama ile.

Tulipokuwa tukinawa mikono, yule mama wa vijiji vya juu akanisogelea. "Mwalimu, kumbe ndiye yule wa kile kifaa cha uongo? Haya. Mungu amsamehe."

"Amina," nikajibu.

Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba uongo ni kusema. Wakati mwingine ni kuitikia tu. Kwa habari ya kifaa kile marehemu hakuwa na la kusamehewa: alijua kosa liko wapi, akalisema mapema na kwa adabu kwa mtu aliyeweza kulizuia, na mtu huyo ni mimi. Anayejua kazi yake akikuomba upunguze maneno ili kazi isimame, yapunguze, hata kama ni mazuri. Mimi hilo lilinishinda, na fundi yule ameingia kaburini na lawama isiyo yake. Basi acha niseme hapa nilichopaswa kukisema pale makaburini, na atakayekuwa karibu na yule mama amsomee: mama, kahawa yako ilikuwa kavu.